Mkuu wa shule hajawahi kukaa darasani kwangu hata dakika 10, lakini ndiye anayeniamulia nifundishe nini

Wakuu habari za jioni. Nawaita wakuu kwa mazoea ya humu tu, maana neno lenyewe siku hizi linanipandisha presha.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati, sekondari ya kata, mwaka wa 11 kazini. Shule siitaji, mkoa siutaji, na mnaonifahamu naomba mnyamaze. Nimepewa barua ya kujieleza, majibu yanatakiwa mezani Jumatatu saa 2 asubuhi. Kosa langu ni chapati. Subirini niwaeleze.

Nina kidato cha pili B, watoto 87. Azimio la kazi, yaani ule mpango wa mada za mwaka, linasema wiki hii niwe kwenye logarithimu. Sawa. Mwezi uliopita, tukiwa kwenye milinganyo, nikaona watoto wananiitikia tu "ndiyo madam" huku macho yapo nje. Nikawapa swali moja la shule ya msingi: nusu jumlisha theluthi. Nikapita dawati kwa dawati nahesabu kwa kalamu. Watoto 61 wameandika 2/5. Wamejumlisha juu, wamejumlisha chini, wamemaliza, wanakutazama kwa raha zao. Sasa mwenye akili zake aniambie, mtoto huyo logarithimu naiweka juu ya msingi gani?

Nikasimamisha mada, nikarudi kwenye hesabu za sehemu. Siku ya tatu nikanunua chapati mbili kwa mama ntilie wa pale getini. Moja nikaikata nusu, nyingine vipande vitatu. Nikaweka nusu na theluthi kwenye sahani, nikawauliza: hii mbili ya tano mliyoniandikia inafika nusu? Kimya. Nikauliza tena kwa Kiswahili. Kijana wa dawati la mwisho, ambaye tangu Januari sauti yake naisikia wakati wa kuita majina tu, akasema, "Haifiki madam. Kwani tuliongeza au tulikula?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Na katikati ya kicheko kile nikaona vifutio vinatoka mifukoni. Walimu mliomo humu mnaijua hiyo dakika. Unaweza kukaa muhula mzima usiipate.

Ndipo mkuu akatokea dirishani. Hakuuliza tunafundishana nini. "Madam, hapa ni darasa au mgahawa?" Akaagiza shajara ya somo, kile kitabu tunachojaza mada tulizofundisha, akaipitisha kidole mstari kwa mstari, akasema mbele ya watoto wangu: "Uko nyuma wiki mbili na nusu." Akaondoka. Barua ikaja baada ya siku mbili: "kufundisha mada zisizo za kidato husika na kuendesha kipindi bila kuzingatia staha ya kazi". Hapo hapo chini, kosa la nyongeza, kutumia Kiswahili kipindi cha Hisabati. Watoto hawa wamesoma Hisabati kwa Kiswahili miaka saba ya msingi, wamefika kwetu wakapewa kozi ya wiki chache ya Kiingereza, kisha tunajifanya tumesahau wametoka wapi.

Nisieleweke vibaya. Sikatai kusimamiwa. Kuna walimu wenzangu wanaingia darasani kama wanaenda kuaga, hao wasimamiwe mpaka wakome. Lakini usimamizi wa shule yetu ni wa picha. Kila siku kabla ya saa 1:30 asubuhi andalio la somo lipigwe picha, litumwe kwenye grupu la WhatsApp. Ukiwa darasani upigwe picha nyingine ya ushahidi. Watoto wameshazoea, simu ikionekana tu mlangoni mikono yote juu, hata kama hakuna aliyeuliza swali. Mwenzetu mmoja ana maandalio ya mwaka 2022, anabadilisha tarehe tu, mwandiko mzuri kama wa kadi ya harusi. Ndiye mwalimu bora wa muhula. Simlaumu, kasoma mchezo.

Na kila Ijumaa kuna jaribio, silitungi mimi. Linanunuliwa mtandaoni kwa watu wanaouza mitihani, linakuja na majibu yake. Wiki iliyopita lilikuwa na trigonometria ambayo hatujaigusa. Nilipoomba nitunge mwenyewe niliambiwa "tunataka viwango, siyo mitihani ya kienyeji". Mtihani niliotunga mimi, kwa watoto ninaowafundisha mimi, ndio wa kienyeji.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huko juu, kwenye karatasi, wanasema ninachokisema mimi. MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, wazo lake lote ni walimu tukae shuleni kwetu kwenye jumuiya ya ujifunzaji, tuseme wapi watoto wanakwama, tupange wenyewe tunatokaje. Wazo zuri kabisa. Kwetu, siku ya jumuiya tunakaa dakika 50, mkuu anasoma maelekezo kutoka wilayani, tunasaini mahudhurio, tunapigwa picha (tena!), tunatawanyika. Mara moja tu nilinyoosha mkono nikasema naomba tujadili hizi sehemu. Nikajibiwa hilo tutaliweka kwenye mengineyo. Mpaka leo hatujawahi kufika kwenye mengineyo.

Mwaka jana alikuja mthibiti ubora wa shule. Mnajua zamani walivyokuwa wakiitwa wakaguzi, mtu akisikia gari tumbo linauma. Huyu mama alikaa kipindi changu chote cha dakika 80 kwenye dawati la nyuma, magoti hayaingii. Akapekua madaftari ya watoto, siyo langu. Kengele ilipolia akaniuliza, "Hawa uliwapokea wakiwa wapi?" Sikuwa na jibu la haraka, wakuu, kwa sababu miaka 10 yote hakuna kiongozi aliyewahi kuniuliza hivyo. Naulizwa nimefika wapi. Kwenye kikao cha mrejesho akamwambia mkuu walimu wapewe nafasi ya kurudi nyuma inapobidi. Mkuu alitikisa kichwa sana, akaandika. Gari likaondoka, Jumatatu tukarudi kwenye picha.

Nimsemee na mkuu naye, nisije nikaonekana nina kisirani. Alikuwa mwalimu mzuri wa Kemia, waliosoma kwake bado wanamtaja. Tatizo ameahidi asilimia ya ufaulu wilayani, kwa maandishi, na kwenye kikao cha tathmini wakuu wa shule zilizofanya vibaya wanasimamishwa mbele ya wenzao. NECTA wenyewe, Baraza la Mitihani, tangu Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, lakini huku chini orodha hazijafa, zinachapwa na kubandikwa ubaoni. Kwa hiyo naye ana mtu anayemhesabia. Anachokosea ni kuuchukua woga wake mzima mzima na kuutua kwenye kipindi changu. Anataka mada ziishe ili akiulizwa aseme ziliisha. Ziishe kichwani kwa nani, hilo halina safu kwenye fomu.

Na tusidanganyane, kumaliza mada kumetufikisha wapi? Kwenye mtihani wa kidato cha nne mwaka 2023 waliofaulu Hisabati ni kama robo tu ya watahiniwa, na tulishangilia maana miaka ya karibuni ilikuwa chini ya hapo. Maazimio yote hayo ya kazi yalikamilika. Shajara zote zilisainiwa.

Dada yangu ni daktari wa kituo cha afya. Nilimsimulia akacheka mpaka akakaa chini. Anasema mganga mfawidhi wake anaweza kumgombeza kwa kuchelewa, kwa matumizi ya dawa, hata kwa koti chafu. Lakini hajawahi kuingia chumba cha daktari akamwambia mpe huyu dawa ya malaria kwa kuwa ratiba inasema Julai ni mwezi wa malaria. Sisi ndivyo tunavyoishi.

Najua mtaniambia nijibu kwa unyenyekevu niombe radhi yaishe. Nimefikiria. Alama zangu za PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, mkuu ndiye anayezipitisha, na shule za pembezoni zenye uhaba wa mwalimu wa Hisabati hazijaisha wilayani kwetu, naijua hata barabara ya kwenda huko. Mume wangu naye ananiambia niachane nayo. Lakini Ijumaa nilipoingia kidato cha pili B yule kijana wa nyuma alikuwa amehamia dawati la pili, ana daftari jipya, na swali. Swali la kwanza tangu Januari.

Wanaojua taratibu za utumishi naomba mniambie mambo mawili. Je, barua ya kujieleza inaweza kutolewa kwa sababu ya mbinu ya kufundishia, au nimtake aonyeshe kanuni niliyovunja? Na je, nikiambatisha yale majibu 61 kama kielelezo nitakuwa nimejisaidia au nimejimaliza? Za "walimu mnalalamika sana" leteni tu, simu ina chaji.

Mpaka sasa rasimu yangu ina mstari mmoja: "Ndugu Mkuu wa Shule, nusu jumlisha theluthi ni tano ya sita, na hadi Ijumaa iliyopita wanafunzi 70 wa kidato cha pili B wanalijua hilo." Nimpe hivyo hivyo, au niweke na nakala kwa Afisa Elimu Kata?