Tupeane uzoefu: gemu ilivyokushika mkono wakati mgumu

Wakuu, habari za jioni. Mimi niko Mtwara mjini, Chikongola. Mwaka juzi nilifiwa na mama. Niliporudi kutoka mazikoni Newala sikutaka kuonana na mtu. Kabla ya hapo kila jioni nilikuwa napita banda la gemu, mechi moja mia tano, ukifungwa unaachia pedi ya kuchezea. Siku tisa sikuonekana. Siku ya kumi vijana wanne wakapiga hodi. Jina langu hawakulijua, walikuwa wakiniita Arsenal kwa sababu ya timu ninayochezea. Walikuwa wamechangishana rambirambi, elfu ishirini na tatu, nyingi ni sarafu.

Hawakunihoji. Walinichukua hadi bandani nikakaa kwenye benchi nikiwaangalia tu. Mle kila mtu macho yapo kwenye skrini, ukitokwa na machozi hakuna anayekukodolea. Msibani kila anayeingia anakuuliza ilikuwaje, unaanza kusimulia upya. Pale nilipumzika.

Nani mwingine yamemkuta? Karibuni.

Mwana wa Mikindani: Pole sana kaka. Mimi ni Mei 2024, kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar ilikatika kule Kilwa, basi letu likakwama. Nikawaandikia wenzangu wa Free Fire, gemu ya mtandaoni, kikosi chetu cha wanne, kwamba leo msinisubiri. Mmoja akajibu, "Mimi wa Nangurukuru, uko upande gani?" Mwaka mzima tunacheza pamoja, najua sauti yake tu! Alikuja na bodaboda, kabeba wali, samaki wa kukaanga na pawabenki. Abiria wa kiti cha jirani, bibi mmoja, tulikula naye.

Dada wa Masasi: Mdogo wangu ana ugonjwa wa misuli kudhoofika, hatembei. Nilikuwa namgombeza kwa simu yake, usiku kucha eFootball, gemu ya mpira. Kisha nikasoma habari za Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na ugonjwa wa aina hiyo. Alifariki 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini ameishi mpweke. Walipotangaza kifo chake, wakaanza kupokea barua pepe za watu wa nchi mbalimbali waliocheza naye gemu ya mtandaoni World of Warcraft, wakieleza alivyowasikiliza na kuwashauri. Nililia. Sasa bando la wiki namnunulia mwenyewe. Mwezi uliopita alilazwa, na jioni ya kwanza tu namba tatu nisizozijua zilinipigia: "Dada, mbona leo hayupo hewani?"

Mama wa watatu, Lindi: Wanangu, nawasikia na nimeguswa. Lakini yapo mabanda wanapocheza kwa kuwekeana hela, na watoto wanaingia na sare za shule saa nne asubuhi. Mwanangu nilimtoa kwenye banda la namna hiyo.

Mleta mada: Mama, shikamoo. Ni kweli kabisa, kamari ikiingia watu wanadaiana, hawapendani tena. Banda letu mwenye nalo hapokei mwanafunzi kabla ya saa kumi, na hela ya dau haiwekwi mezani. Dada wa Masasi, mdogo wako anachezea timu gani? Vijana hapa wanataka mechi naye Jumamosi.

Dada wa Masasi: Yanga alikuwa anaitafuta kwenye gemu akaikosa, basi anachezea Barcelona. Nimemwambia. Ameshaweka simu chaji.