Garde à vue ni nini, na saa 48 zinahesabiwa namna gani?

Wa Kampemba
Wakubwa wa Lubumbashi, naomba mwanga. OPJ (afisa wa polisi mwenye kuchunguza makosa) akisema mtu yuko garde à vue, tayari ameshitakiwa? Akikamatwa Jumamosi jioni, Jumapili inahesabiwa?

Tata Katuba
Bado hajashitakiwa. OPJ anamzuia mshukiwa kwa uchunguzi wa kwanza, kabla faili haijafika parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Katiba ya Kongo (RDC) ya 2006, kifungu cha 18, inaweka kikomo cha saa 48. Zikiisha, aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria. Jumapili inahesabiwa: aliyekamatwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni, mwisho wake ni Jumatatu saa ile ile. Na hicho ni kikomo tu. Uchunguzi ukimalizika mapema, hakuna sababu ya kumlaza kasho (mahabusu).

Angalieni sana PV, yaani hati ambamo OPJ anaandika mahojiano. Saa ya kuanza na saa ya kumaliza lazima ziandikwe humo. Mtu anashikwa asubuhi, PV inaandika saa aliyokaa mbele ya OPJ, alasiri: hapo nusu siku imeibwa. Ndugu waandike saa ya kukamatwa papo hapo, pamoja na majina ya walioona. Naye aliyekamatwa asisaini kabla ya kusomewa PV nzima. Penye kosa, lisahihishwe kwanza.

Mama Ruashi
Tata amesema kweli. Sababu ya kukamatwa lazima aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia au avoka (wakili), na kifungu cha 19 kinamruhusu avoka kuwa naye hata polisi. Msingoje parke!

Linaloniumiza ni hili: kijana anatoroka, wanamshika baba yake. Kifungu cha 17 kinakataza wazi mtu kukamatwa kwa kosa la mwingine. Avoka alitaje hilo kwanza, mengine baadaye.

Wa Kampemba
Asanteni. Na wakimpeleka parke, saa 48 zinaanza upya?

Tata Katuba
Hapana, garde à vue imekwisha. Majistra wa parke anaweza kumwachilia, au kutoa mandat d'arrêt provisoire, hati ya kumzuia kwa muda. Akitoa, mtu afikishwe mbele ya hakimu ndani ya siku 5 kama hakimu yuko mji huo huo, kama hapa kwetu. Hakimu akikubali abaki ndani, amri yake ya kwanza ni ya siku 15, kisha inaongezwa mwezi kwa mwezi. Siku hiyo hiyo ya kuhamishwa, ulizeni sekretarieti ya parke namba ya RMP, ndiyo namba ya faili katika rejista ya parke. Bila namba hiyo, avoka atazunguka ofisi baada ya ofisi akitafuta faili.