Majirani wa Makorora, Tanga: ile fomu ya ruzuku

[19:04] Katibu Mwanahawa: Assalam alaykum majirani. Fomu ya ruzuku imetoka, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Wafadhili wanataka vikundi vinavyowashika vijana waliokosa shule na kazi. Jina la kikundi na namba ya usajili wa halmashauri nimeshajaza. Nimekwama hapa: "Eleza mahitaji yenu."

[19:08] Baba Rehema: Waalaykum salaam. Si ndiyo ile asilimia 10 ya halmashauri? Ilisimamishwa 2023, nikasikia 2024 imerudi.

[19:11] Mwalimu Sefu: Hapana Baba Rehema. Ile ni mkopo unaotoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini inarudishwa. Ruzuku hurudishi pesa, unarudisha taarifa na risiti. Tuwaeleze vijana mapema, asije mtu akatia saini mkopo akidhani kapewa msaada.

[19:12] Baba Rehema: Ahsante mwalimu, nimeelewa.

[19:14] Dada Neema: Mimi naona tuombe cherehani nyingine 10. Wafadhili wanapenda kitu kinachoonekana, wakija wanapiga picha.

[19:17] Mama Zuhura: Neema mwanangu, naomba nikuambie nilichokiona leo. Asubuhi nimefungua kile chumba cha darasa letu la ushonaji. Cherehani zetu 6 za umeme zipo palepale, nimezifunika kanga mwenyewe. Nikafunua ile ya dirishani, vumbi limeshikana na mafuta limekuwa tope. Kwenye sindano bado kuna uzi wa bluu, na chini yake mkono wa sare ya shule umeshonwa nusu. Ndipo alipoishia yule binti siku LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilipokatika.

[19:18] Mama Zuhura: Mashine tulipewa, Mungu awabariki. Kodi, umeme na posho ya fundi tukaambiwa hazimo, hizo ni gharama za uendeshaji. Tulijikongoja miezi 4 tukafunga. Walikuwa vijana 14. Wawili nawaona Soko la Mgandini wanabeba mizigo. Yule binti yuko Dar, kazi za ndani. Kila nikipita pale mlangoni roho inaniuma.

[19:20] Dada Neema: Nisamehe mama. Sikujua imefikia huko.

[19:23] Baba Rehema: Lakini tukiandika kodi na umeme, si watatupa karatasi yetu pembeni?

[19:27] Mwalimu Sefu: Huenda. Na mwaka huu ushindani ni mkubwa. Tangu Marekani ifunge shirika lake la misaada, USAID, 2025, asasi kubwa zilizokosa pesa zimegeukia mifuko hii hii tunayoiomba sisi wadogo. Hata taasisi za hapa nyumbani kama Foundation for Civil Society, iliyoanza kutoa ruzuku 2003, nazo pesa zao nyingi zinatoka kwa wahisani wa nje. Ndiyo maana nasema tuandike kilichotufungia mlango, shilingi kwa shilingi. Mama Zuhura, unazikumbuka hesabu?

[19:31] Mama Zuhura: Daftari ninalo. Kodi 80,000 kwa mwezi. LUKU 35,000. Fundi tulimpa 200,000, na alikuwa anavumilia tu.

[19:33] Katibu Mwanahawa: Jumla 315,000 kwa mwezi. Mwaka mzima 3,780,000. Naandika.

[19:40] Juma: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa mmoja wa wale 14. Naomba niseme.

[19:40] Mama Zuhura: Marahaba baba. Sema.

[19:44] Juma: LUKU ni kweli, ila wengine tuliacha kabla umeme haujakatika. Darasa lilikuwa saa tatu asubuhi. Saa hiyo ndiyo magari ya mizigo yanashusha sokoni. Ukikosa asubuhi, siku hiyo nyumbani hakuna unga. Tungewekewa saa kumi jioni tungekuja wote.

[19:46] Juma: La pili ni cheti. Mimi suruali naishona mwanzo mpaka mwisho. Nimeenda kuomba kazi sehemu mbili, wameniuliza karatasi. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia mtaani na kumrasimishia ujuzi wake. Mkitutafutia gharama ya hapo mtakuwa mmetusaidia sana.

[19:49] Mwalimu Sefu: Saa ya darasa tuliipanga sisi wazee, wala hatukuwauliza. Hilo kosa letu, Juma, tuwie radhi.

[19:50] Baba Rehema: Kabisa.

[19:53] Katibu Mwanahawa: Nimefuta "cherehani 10". Nimeandika kodi, umeme, fundi, darasa la saa kumi jioni, na gharama za kupimwa VETA. Kesho nitapita VETA kuuliza ada yao, nisiandike ya kubahatisha. Alhamisi saa kumi na moja jioni tukutane pale chumbani tuisome yote kabla sijaituma. Juma, waite wenzako, hata wakija wanne. Waisome na wao.

[19:55] Juma: Nitawaleta. Wawili niko nao hapa sasa hivi.

[19:58] Mama Zuhura: Funguo ninazo mimi. Nitakuja mapema na mafuta ya cherehani. Neema, pitia LUKU ya 2,000, nataka tuwashe ile ya dirishani.

[19:59] Dada Neema: Sawa mama. Nanunua usiku huu.