Admini katega vitendawili vya Silmarili, jibu kaweka Arkenstone, halafu kaninyima alama

Wakuu, salaam. Nimekaa na jambo hili tangu Jumamosi nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa.

Tuna kundi letu la wasomaji wa Tolkien, mwandishi wa The Hobbit na The Silmarillion. Jumamosi ulikuwa usiku wa vitendawili, mada ni kito cha ajabu, na kila mmoja alichanga elfu mbili ya zawadi. Utaratibu ni ule ule wa kwa bibi: kitendawili, tega, ukishindwa unatoa mji.

Cha kwanza kikategwa: "Wanangu watatu wamenitoka: mmoja kapaa, mmoja kazama, mmoja kamezwa na ardhi."

Dakika haikuisha nikajibu: Silmarili, vile vito vya The Silmarillion. Naambiwa nimekosa, nitoe mji! Jibu eti Arkenstone, kile kito cha wafalme wa mbilikimo kwenye The Hobbit.

Jamani, Arkenstone ni kito KIMOJA. Hao watatu wametoka wapi? Silmarili ndizo tatu, kazi ya mikono ya Fëanor, fundi wa jamii ya Elf, na ndani yake kuna mwanga wa Miti Miwili ya Valinor, nchi ya miungu. Moja baharia Eärendil anasafiri nayo angani, watu wanaiona kama nyota. Moja Maglor, mwana wa Fëanor, aliitupa baharini. Ya tatu kaka yake Maedhros alijitosa nayo kwenye ufa wa moto. Kapaa, kazama, kamezwa. Hakuna neno lililobaki nje! Aliyekitunga alijua anachokitunga. Admini amekiokota mahali, jibu hana habari nalo, akabandika la kwake.

Nilipohoji, akasema hiyo ni lugha ya picha, Arkenstone ilizikwa pamoja na Thorin, mfalme wa mbilikimo, kwa hiyo "kamezwa na ardhi" inatosha. Na hao wengine wawili je? Kimya. Baadaye akarudi na ile nadharia ya mitandaoni kwamba Arkenstone ndiyo Silmarili ya Maedhros, imeibukia chini ya mlima Erebor.

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Thráin wa Kwanza, babu wa kale wa Thorin, na watu wake waliikuta Arkenstone mlimani, wakaichonga wenyewe mpaka ikawa na nyuso nyingi. Silmarili haichongeki, hakuna nguvu ya Arda, yaani dunia yao, inayoweza kuivunja. Halafu tazama mikono: Bilbo, shujaa wa The Hobbit, alipoiokota Arkenstone, kiganja chake kilishindwa kuizunguka, kubwa na nzito. Beren, shujaa wa The Silmarillion, aliifumbata Silmarili, mwanga ukapenya nyama ya mkono wake kama taa. Msomaji makini anaweza kuvichanganya vitu hivi kweli?

Cha pili kilikuwa kizuri zaidi, ndiyo maana kinaniuma zaidi: "Mwizi kanishika nikamuunguza, warithi wakanishika nikawaunguza." Mwizi ni Morgoth, adui mkuu aliyeziiba Silmarili, maana Varda, malkia wa nyota, alivitakasa vito hivyo visiguswe na mkono mwovu. Warithi ni Maedhros na Maglor, waliomwaga damu ya ndugu zao kwa ajili ya kiapo mpaka haki yao ikafutika. Hadithi nzima ya ukoo ule imo kwenye sentensi moja! Nikaandika yote hayo. Jibu la admini: "kito cha joka." Joka gani? Smaug, joka wa The Hobbit, alilalia Arkenstone miaka na miaka, lini ilimuunguza?

Sisi tumelelewa na "nyumba yangu haina mlango", na hata Bilbo alimtega Gollum, kiumbe wa pangoni, kwa jibu hilo hilo la yai. Mtoto wa miaka sita akiambiwa ni yai anatazama yai, anakubali, anacheka. Mimi nimeambiwa jibu, nimelitazama, halifanani na swali hata kidogo.

Cha tatu, cha kito kilicholala tumboni mwa mbwa mwitu kikiwa bado mkononi mwa mtu, niliandika Carcharoth, mbwa mwitu wa Morgoth, na mkono wa Beren alioung'ata ukiwa na Silmarili. Hakijasahihishwa mpaka leo, na zawadi imeshatolewa.

Sidai zawadi irudi, aliyeipata hana kosa. Nadai alama zangu za cha kwanza na cha pili, cha tatu kisahihishwe, na yale majibu mawili yafutwe kwenye kundi kabla wageni hawajayabeba. Nimemwandikia mara nne. Anasoma, hajibu.