PET-CT, MRI au CT ya kawaida kabla ya upasuaji wa titi?

Wanjeri_K: Hamjambo. Biopsi ya shangazi (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara) imethibitisha saratani ya titi la kushoto. Uvimbe ni mkubwa na tezi za kwapani zimevimba. Daktari mmoja anataka CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) na skani ya mifupa, mwingine PET-CT, na MRI (picha za sumaku) nayo imetajwa. Pesa ni za mchango. Tuanze na ipi?

Mama_Zuhura: Pole sana. Mimi nilipigwa CT na skani ya mifupa tu, nikafanyiwa upasuaji. Hiyo PET bei yake si mchezo.

MpigaPicha254: Mama Zuhura, inategemea hatua ya ugonjwa. Uvimbe mdogo usio na dalili za kusambaa hauhitaji PET. Kwa shangazi, tezi zikiwa zimevimba, PET inafaa: unadungwa sukari yenye mionzi, seli zinazoila kwa pupa, kama za saratani, zinawaka pichani, hata kwenye mfupa ambao CT inauona mzima. Lakini haimwambii daktari wa upasuaji akate wapi. Mipaka ya uvimbe ndani ya titi ni kazi ya MRI. Na PET ikionyesha kwapa safi, usiamini, chembe ndogo za saratani haizioni. Tezi zenyewe lazima zipimwe.

Otis_Umoja: Si hiyo PET watu walikuwa wanaifuata India?

MpigaPicha254: Zamani. Sasa hospitali ya Aga Khan Nairobi wanayo, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pia. Hiyo dawa ya sukari yenye mionzi nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo haiwekwi stoo. Ukichelewa kwa jam ya Thika Road, dozi yako inaisha nguvu ikikungoja.

Wanjeri_K: Shangazi ana kisukari, anameza metformin.

MpigaPicha254: Waambieni siku ya kuweka miadi, si mlangoni. Metformin hufanya utumbo uwake pichani, na sukari ya damu ikiwa juu picha huharibika. Atafunga kula kama saa 6, maji matupu ruksa. Adungwe mkono wa kulia, maana dawa ikivuja upande wa kushoto tezi za kwapa zitawaka bure. Na baridi hii ya Julai, mbebeeni shuka la Kimasai: mtu akisikia baridi, mafuta ya shingoni nayo huwaka.

Mama_Zuhura: Kabla ya kulipa, waketisheni hao madaktari wawili pamoja. Anayeshika kisu ndiye aseme anakosa jibu gani.