Kifo cha ghafla cha mtoto mchanga: maelezo ya kuaminika yanapatikana wapi?

Mama Salma:
Shikamooni wazazi. Mtoto wa jirani yangu, wa miezi 3, alilazwa akiwa mzima na alfajiri akakutwa amefariki, bila homa wala kikohozi, na sasa watu wananong'ona kwamba mama alimlalia. Wangu ana wiki 7. Kila usiku naweka kiganja mbele ya pua yake nihisi pumzi. Nimsikilize nani?

Muuguzi Mstaafu:
Marahaba, mwanangu, na umfikishie mfiwa pole zetu. Jina "kifo cha ghafla cha mtoto mchanga" hutumika tu pale mtoto wa chini ya mwaka 1 anapofariki na uchunguzi kamili, pamoja na wa maiti, usionyeshe sababu. Kwa hiyo anayemtwika mama lawama kwa kukisia anamdhulumu. Mlaze chali kila anapolala, juu ya godoro gumu lisilo na mto, mnyonyeshe, na sigara isivutwe ndani.

Baba Pacha:
Bibi yetu alitaka walale kifudifudi wasipaliwe. Daktari alituchorea kwenye karatasi: mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya umio, hivyo maziwa yakicheuliwa hurudi tumboni. Nchini Uingereza, baada ya kampeni ya mwaka 1991 ya kuwalaza chali, vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Muuguzi Mstaafu:
Naam. Anzia kliniki ya mtoto; mtandaoni, soma mapendekezo ya American Academy of Pediatrics (chama cha madaktari wa watoto cha Marekani) ya mwaka 2022, na jihadhari na wauzaji wa vifaa vinavyodaiwa kuzuia vifo hivi.