Tupeane uzoefu: muvi za bei chee za askari wawili, steringi Mkorea

Mzee wa Deki:
Wakuu, heshima kwenu. Kuna aina ya muvi ambayo humu haiguswi kabisa, wakati sisi wa vibanda umiza ndiyo iliyotulea. Sisemi tamthilia za mapenzi ambazo watu wanakesha nazo siku hizi. Nasema zile za miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 zilizopigwa Marekani kwa hela ya kuungaunga: askari Mzungu aliyegombana na bosi wake, na pembeni Mkorea asiyeongea sana, kazi yake mguu.

Naanza na yangu. Silent Assassins, 1988. Askari ni Sam J. Jones, Mkorea ni Jun Chong. Mwanasayansi katekwa, mtoto naye katekwa, basi wanaungana kuwasaka watekaji. Kisa chepesi, ukisinzia ukiamka unaendelea tu. Lakini mtazame Jun Chong anavyorusha teke! Huyo alikuwa mwalimu wa taekwondo kwelikweli, mwenye chuo chake Los Angeles, na Phillip Rhee unayemwona humo alikuwa mwanafunzi wake. Ndiyo maana gharama zilikuwa chini: mpigaji na wapigwaji wanatoka darasa moja, hakuna haja ya kukodi watu wa kuwafundisha kuanguka.

Y.K. Kim wa Orlando yeye alipitiliza. Kwenye Miami Connection ya 1987 alitia hela yake mwenyewe, akawapanga wanafunzi wake kuwa waigizaji, nusura afilisike. Ikadoda. Mwaka 2009 bwana mmoja wa jumba la sinema la Texas akanunua nakala moja ya filamu hiyo eBay kwa dola 50 bila kujua anachonunua, na 2012 ikarudi kwenye majumba watu wakiishangilia. Si ya askari wawili, najua, ila kuiacha ingekuwa dhambi.

Haya, tiririkeni. Uliionea wapi, na nani alikuwa anatafsiri?

Kipanga wa Nyanda za Juu:
Mkuu umenirudisha Mbeya. TV ya inchi 21 juu ya kreti za soda, deki imefunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi, mtafsiri kakaa pembeni na maiki yake. Askari Mzungu alipachikwa jina la afande wa kituo chetu, Mkorea akaitwa "kijana wa Tukuyu". Kila akimtwanga mtu, mtafsiri anasema amedai hela yake ya viazi.

Kitu ninachokumbuka zaidi ni kaseti yenyewe. Mwanzo picha safi, katikati safi, ikifika pambano la mwisho na adui mkuu inaanza chengachenga na mistari, kwa sababu kila kijiji ilikopita watu walipiga kelele "rudisha!" na mwenye deki akarudisha. Ukiona mistari inaanza, unajua kazi imefika, unakaa vizuri.

Omosh wa Umoja:
Wadau, salamu kutoka Nairobi. Sisi mtafsiri wetu wa muvi ni DJ Afro tu, hizo za kaseti nilikuwa mdogo. Mkorea wangu ni Ma Dong-seok. The Outlaws ya 2017 niliitazama kwa simu ndani ya matatu, nikapitishwa steji yangu. Jamaa hana habari ya mateke ya hewani, ni kofi moja mtu analala. Kabla ya kuigiza aliishi Marekani akiwafanyisha mazoezi wapiganaji wa MMA (ngumi, mateke na mieleka pamoja), kwa hivyo huo mwili si wa kuazima.

Mama Tausi:
Samahanini kwa kuharibu sherehe. Kaka zangu walinilazimisha kuzitazama na sikuzipenda. Mzungu anapewa mke, mtoto, matatizo ya kazini, utani wote wake. Mkorea anapewa ndugu aliyeuawa na suruali nyeupe. Mnasema "haongei sana" kama ni sifa. Waliomwandikia hawakuwa na la kumpa aseme!

Mzee wa Deki:
Mama Tausi, hapo sina ubishi. Ila mateke niachie.

Mbongo Seoul:
Dada anachosema ni kweli, na dawa yake ni kutazama wanazojitengenezea wenyewe. Two Cops ya 1993: Ahn Sung-ki ni askari mkongwe mla rushwa, Park Joong-hoon ni kijana mnyoofu katoka mafunzoni. Wanabishana mwanzo mwisho, na mnyoofu anaanza kunogewa taratibu. Niliiona kwa mzee mwenye nyumba wangu, alikuwa anasema maneno kabla ya waigizaji.

Midnight Runners ya 2017 nayo ni tamu, wanafunzi wawili wa chuo cha polisi wanamfuatilia msichana aliyetekwa. Ila nilikuwa napanga chumba karibu na Daerim, mtaa ambao muvi inauonyesha kama pango la majambazi. Wakazi wengi pale ni Wakorea waliotoka China. Waliandamana, wakaenda mahakamani, na 2020 kampuni iliyoitengeneza ikawaomba radhi. Mimi nilikuwa nanunua mboga pale usiku na sijawahi kuguswa.

Fundi Kamera:
Mimi nimejaribu kutengeneza ya kwetu, askari wawili, mmoja mwalimu wa taekwondo wa mtaani. Sare za polisi tuliomba kibali ofisi fulani, faili likalala. Tukawavalisha kiraia, tukawaita makachero, mambo yakaenda. Sauti ya teke ni kandambili ikipigwa kwenye godoro lililolowa, na ya ngumi ni kabichi. Kilichotushinda ni mwalimu mwenyewe: hajui kupiga kwa kukosa. Waigizaji wawili walituacha kabla ya siku ya mwisho.

Mjukuu wa Chifu:
Wakuu naomba msaada, naitafuta moja mwaka wa ngapi huu. Askari mmoja mnene ana sharubu, anakula muda wote. Mwenzake Mkorea anaendesha pikipiki nyekundu, na mwishoni wanapigana kwenye kiwanda cha barafu. Kaseti haikuwa na jalada. Anayeijua jina aniwekee hapa.